Saketi ya Jiko katika Nyumba za Kasulu na Kibondo

Saketi maalumu, kwa maana inayotumika katika utandazaji wa nyaya majumbani, ni njia ya umeme inayoanzia kwenye ubao mkuu wa nyumba ikiwa na waya wake na kikata umeme chake, kile ambacho mafundi hukiita breka, na kuishia kwenye kifaa kimoja tu, kiwe jiko, hita ya maji ya kuogea au pampu. Katika miinuko ya Buha, nchi ya Waha ambayo leo imegawanyika katika wilaya za Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko za mkoa wa Kigoma, Tanzania, saketi ya namna hiyo ni jambo la juzi, na kuchelewa kwake hakukutokana na mafundi kukosa maarifa, bali na aina ya umeme uliofika huko, kiasi chake na mpangilio wa kufika kwake.

Hoja ya kitaalamu iliyo nyuma ya saketi hizo ni nyepesi. Mkondo wa umeme hupasha waya joto, na joto hilo huongezeka mara nne pale mkondo unapoongezeka mara mbili, kwa hiyo waya unaobeba taa kwa usalama huweza kuyeyusha ganda lake ukibebeshwa jiko. Hita ya kuogea ya wati 5,000, ikitumia umeme wa volti 230, huvuta karibu ampea 22, ilhali waya wa milimita 1.5 uliozoeleka kwa taa hulindwa kwa breka ya ampea 6 au 10. Ndiyo maana hita hutengewa waya mnene, aghalabu wa milimita 6, na breka yake yenyewe. Uingereza ilianza kwa kutenganisha saketi za taa na soketi chache za ampea 5 na 15, kila soketi kubwa ikiwa na njia yake, kisha mwaka 1947, kwa kubana matumizi ya shaba baada ya vita, ikaidhinisha plagi ya ampea 13 yenye fyuzi ndani yake na saketi ya mzunguko inayolisha soketi nyingi kwa waya mmoja, huku jiko likiachiwa njia yake. Plagi hiyo ya miguu mitatu bapa, ambayo Tanganyika iliipokea wakati wa utawala wa Waingereza, ndiyo inayouzwa hadi leo katika maduka ya Kasulu.

Mfumo ulifika mapema. Umeme wenyewe haukufika. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilipokabidhi shughuli za umeme kwa kampuni binafsi, zikiwamo ile ya Dar es Salaam na ile ya Tanganyika ambayo jina lake lilizaa TANESCO, shirika la umeme la Taifa, waliohudumiwa walikuwa mashamba ya katani ya Tanga na miji ya kandokando ya reli. Reli ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, lakini Kasulu na Kibondo zilikuwa mbali nayo, na utawala uliiona Buha zaidi kama chimbuko la vibarua wa mashamba hayo ya katani kuliko soko la kitu chochote.

Katika miaka ya 1990, vita vya Burundi na Kongo vilipoleta wakimbizi katika kambi kama Nyarugusu na Mtabila upande wa Kasulu, na Nduta na Kanembwa upande wa Kibondo, ofisi za mashirika ya misaada zilijiwashia majenereta yao, na wenyeji wakauona umeme kwa wingi kwa mara ya kwanza, ingawa uliishia ndani ya uzio. Nyuma yake zikaja sola. Mradi uliofadhiliwa na Marekani ulikuwa umekusudia kujenga bwawa la umeme katika mto Malagarasi, ukasimamishwa kwa sababu za mazingira, na badala yake shule za sekondari, zahanati na vituo vya afya vya mkoa wa Kigoma vikafungiwa paneli. Sola ndogo ya nyumbani hutoa volti 12, na kwa volti hizo pasi ya wati 1,000 ingehitaji zaidi ya ampea 80, mkondo ambao hakuna nyumba ya kawaida yenye waya wa kuubeba. Hivyo umeme uliozoeleka vijijini ukawa ni wa taa, redio na kuchaji simu.

TANESCO ilipofunga mitambo ya dizeli katika miji hiyo miwili, uwezo wake ulikuwa takriban megawati 2.5 kwa kila mji. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha ufinyu huo: hita 500 za kuogea zikiwashwa pamoja zingemaliza umeme wote wa Kibondo, hospitali na mashine za kusaga zikikosa hata wati moja. Katika hali hiyo fundi aliyetandaza waya mmoja kwa taa nne na soketi mbili hakuwa mzembe, maana alikuwa akipima sawasawa umeme uliokuwapo.

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005, uliendeleza kipimo hichohicho kwa nia njema. Ada ya kuunganishiwa kijijini ilishushwa hadi shilingi 27,000, lakini ada hiyo huishia kwenye mita, na nyaya za ndani ni juu ya mwenye nyumba. Kwa nyumba ya vyumba visivyozidi viwili kilibuniwa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ambacho huja kikiwa na swichi, soketi na taa, na hakihitaji kutandaza nyaya hata kidogo. Bei nayo ilivuta upande huo, kwa kuwa mtumiaji mdogo asiyezidi uniti 75 kwa mwezi alipangiwa shilingi 100 kwa uniti, na jiko la umeme ndicho kifaa kinachoweza kumtoa haraka katika daraja hilo. Mpango huu uliwasha taa katika nyumba nyingi kuliko mpango wowote uliotangulia, na papo hapo ukazijengea kuta zisizo na nafasi ya jiko.

Oktoba 2022 mkoa wa Kigoma uliunganishwa na gridi ya Taifa kwa njia ya kilovolti 33 kutoka Nyakanazi, ikipitia Kakonko, Kibondo na Kasulu, na majenereta ya Kibondo na Kasulu yakazimwa. Mabadiliko hayo yalipindua uwiano wa zamani, kwani kikwazo kilihama kutoka mitamboni na kuingia ndani ya nyumba. Hatari yake ni kwamba breka inayokatika mara kwa mara kwa kuzidiwa na vifaa vipya humshawishi mwenye nyumba kuweka kubwa zaidi bila kubadili waya, wakati breka iliwekwa kulinda waya wala si kifaa, na kuiongeza peke yake ni kuuachia waya uungue kabla umeme haujakatika.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034, na kifaa cha umeme kinachofaa zaidi katika miinuko hii ni jiko la presha la wati 1,000, kwa sababu huvuta ampea zisizozidi 5, huivisha maharage, zao ambalo Kigoma inasifika kwalo, kwa chini ya uniti moja, na halidai saketi yake lenyewe iwapo soketi imefungwa vizuri. Kwa kaya nyingi za Kasulu na Kibondo, basi, umeme utaingia jikoni kupitia soketi ya kawaida, na saketi maalumu itabaki kwa miaka kadhaa kuwa sifa ya nyumba zilizojengwa baada ya gridi kufika.