Lenzi ya Babu Ilitoka Jena

Nilikuwa natafuta misumari. Kopo la zamani la Kimbo lilikaa juu ya kabati la babu, limejaa vile vitu ambavyo kila nyumba huweka bila kujua kwa nini: funguo zisizo na kufuli, betri zilizovuja, vifuniko vya kalamu. Chini kabisa, ndani ya soksi moja, kulikuwa na lenzi. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana. Mdomoni imeandikwa jina kwa herufi za Kirusi, halafu 44-2, halafu 2/58, na pembeni alama ndogo ya kipande cha kioo kinachopenywa na mshale wa mwanga.

Hiyo ilikuwa Desemba, miezi michache baada ya mimi kuacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Kwanza ilikuwa karo, halafu ikawa aibu ya karo. Nilikuwa nimerudi Nakuru nikiwaambia watu niko likizo. Babu peke yake ndiye hakuuliza likizo inaisha lini.

Yeye alienda Moscow mwaka 1963. Wakati vijana wa Tom Mboya walipanda ndege kwenda Marekani, wengine walienda Mashariki kwa ufadhili uliopangwa na Jaramogi Oginga Odinga. Babu alisoma uhandisi, akarudi 1969. Mwaka mbaya. Kabla haujaisha, chama cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na Odinga mwenyewe akawekwa kizuizini. Kutua Nairobi na digrii ya Moscow wakati huo ilikuwa kama kujiletea hati yako ya mashtaka. Kazi ya uhandisi haikutokea. Kilichotokea ni chumba kimoja chenye pazia la buluu, kiti, na kamera aliyokuja nayo, Zenit-E. Alipiga picha za kitambulisho hadi pazia la ndani ya kamera likakwama na hakuna fundi aliyeweza kulikwamua. Kamera ikatupwa. Lenzi akaifungua, akaivisha soksi.

Jina lile la Kirusi ni Helios. Leo ni lenzi maarufu sana kwa vijana wenye kamera mpya na pesa kidogo, kwa sababu inafanya majani ya nyuma yazunguke kama maji kwenye sinki. Video zake ziko kila mahali, na karibu zote zinaiita "lenzi ya Kirusi" kisha zinaendelea na muziki. Mimi nilitaka kujua zaidi ya hapo, si ati kwa sababu ya usomi, ni kwa sababu nilikuwa na muda mwingi na babu hakuwa anaongea.

Basi sikiza. Lenzi hii si ya Kirusi hapo mwanzo. Inatoka Jena, mji wa Ujerumani ambako Carl Zeiss alifungua karakana yake mwaka 1846. Mwaka 1896 mwanafizikia wa kampuni hiyo, Paul Rudolph, alichora lenzi iliyoitwa Planar, yenye vioo vilivyopangwa kama watu wawili wanaopeana migongo, na tundu la mwanga katikati yao. Kutoka mchoro huo ndiyo ikaja Biotar ya Willy Merté, na katika miaka ya 1930 Biotar ya milimita 58: vioo 6, mafungu 4. Hesabu hizo ni zile zile unazokuta ndani ya Helios.

Zilifikaje Urusi? Aprili 1945 Wamarekani waliingia Jena. Walijua mkataba umeshaupa Muungano wa Sovieti eneo lile, kwa hiyo kabla ya kuondoka waliwachukua wakubwa na wataalamu wa Zeiss wakawapeleka magharibi, ambako baadaye walianza upya mji unaoitwa Oberkochen. Wasovieti wakaja Julai, nao wakafungua mashine na kuzisafirisha kama fidia ya vita. Oktoba 1946 treni ziliondoka upande wa Sovieti wa Ujerumani zikiwa na wataalamu zaidi ya 2,000 na familia zao, watu wa Zeiss wakiwemo. Wengi hawakuulizwa kama wanataka.

Huko Krasnogorsk, karibu na Moscow, kulikuwa na kiwanda cha vioo kilichoanzishwa katikati ya vita, mwaka 1942. Alama ya kipande cha kioo na mshale ni yake. Hapo Biotar ilipigiwa hesabu upya ili ikubaliane na kioo cha Sovieti. Mwanzoni iliitwa BTK, yaani Biotar ya Krasnogorsk. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikawa Helios-44.

Wako wanaouita wizi, na ninawaelewa. Lakini Zeiss wakati wa vita iliwatumia vibarua wa kulazimishwa, wakiwemo watu waliotolewa nchi za Sovieti, na nchi hiyo ilipoteza watu wapatao milioni 27. Sijui ni hesabu gani ya vioo ingelipa hilo. Mtu akiniambia hapa mwizi ni mmoja, huwa nabadilisha mada.

Sasa, kwa nini kitu hicho kikae vizuri kwenye Sony yangu ya mtumba, niliyonunua kwa pesa za harusi moja na mazishi mawili? Hapa kuna mambo mawili.

La kwanza ni skrubu. Mwaka 1949 huko Dresden, kamera iitwayo Contax S ilitoka na mdomo wa milimita 42 ambao lenzi inakazwa ndani yake kama kifuniko cha chupa. Praktica walitumia mdomo huo, Pentax wa Japani wakautumia, Zenit pia. Hauna waya wala chipu, kwa hiyo hauna cha kupitwa na wakati.

La pili ni kioo. Kamera ya zamani ya aina hii ina kioo ndani kinachorusha picha juu kwenye jicho lako, na kioo kinahitaji nafasi ya kuinuka. Kwa hiyo lenzi hizi zilichorwa zikae milimita 45.46 mbele ya filamu. Ukiiweka kwenye Nikon ya kidijitali yenye kioo, ambayo umbali wake ni 46.5, umeshachelewa kwa milimita moja tu: uso wa karibu utaushika, mlima wa mbali hapana. Ndipo mwaka 2008 Panasonic wakatoa G1, kamera ya kwanza ya aina yake isiyo na kioo hicho, na wengine wakafuata. Kwa Sony umbali ulishuka hadi milimita 18. Toa 18 kwenye 45.46, unabaki na 27.46, na hiyo ndiyo adapta yangu yote: pete ya chuma, ndani hewa tupu. Niliiagiza mtandaoni, ikachukua wiki 3.

Siku ya kwanza kamera iligoma. Iliniambia haioni lenzi. Ilibidi niingie kwenye menyu na kuiruhusu ipige bila lenzi, ile kitu yenyewe ni kama kumwambia askari wa geti kwamba mgeni hana kitambulisho lakini ni wa nyumbani. Grisi ya ndani ilikuwa imekauka, pete ya fokasi ikikataa kuzunguka asubuhi za baridi. Na ule mzunguko wa majani? Ulinipunja. Unatoka pembeni mwa picha, na sensa ya kamera yangu ni ndogo, inakata pembeni zote; milimita 58 zinaona kama 87. Halafu ule mzunguko ni kasoro. Waliochora vioo hivi hawakuupanga, na leo ndio unaowauzia.

Nilimpiga babu mlangoni, tundu likiwa wazi kabisa kwenye 2, ambapo ukishika jicho, sikio limepotea. Kamera inapaka nyekundu kingo za kilicho kwenye fokasi, nami nikawa nafukuza huo wekundu usoni mwake.

"Wewe kijana, unachelewa," akasema. "Lete."

Akaishika. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ile pete ya pili, ya kufungua na kufunga mwanga, bila kuiangalia, akaifunga, akaifungua. Akanionyesha kiti. Nikakaa, mgongo wima, mikono magotini, kama mtu wa kitambulisho.

"Uliacha shule lini?" akauliza, jicho likiwa ndani ya kamera.

"Agosti."

Akabonyeza. Akaishusha, akaigeuza, akaitikisa kidogo karibu na sikio.

"Mbona hailii?"

Nikamweleza kwamba nimezima sauti. Picha yenyewe ilishika kalenda iliyokuwa nyuma yangu, kila tarehe inasomeka. Uso wangu ni ukungu.