Umahalishaji, si "ulengaji wa kijiografia"

Aliye Arusha akifungua tovuti aone bei kwa shilingi za Tanzania, na mwenzake wa Nairobi aione bidhaa hiyohiyo kwa shilingi za Kenya: jambo lenyewe halina ugomvi. Ugomvi uko kwenye jina. Orodha ya istilahi iliyonifikia hivi karibuni, kazi ya kamati ambayo sitaitaja, inaliita "ulengaji wa kijiografia". Maneno matatu, na hakuna hata moja lililo mahali pake.

Anayelenga ana mshale au bunduki mkononi na shabaha mbele yake. Hapa shabaha ni nani? Mgeni ndiye aliyepiga hodi; tovuti inabadili maudhui, haimwindi mtu. Jiografia nayo ni somo, lina walimu na mtihani. Lugha yenye viambishi vitatu vya mahali, inayotofautisha hapa, huku na humu, inakopaje neno la Kigiriki lililopitia kwa Waingereza ili kusema mtu yuko wapi?

Napendekeza umahalishaji, na nitaendelea kulipendekeza. Mahali tulilipata kwa Waarabu, mahall, kutoka mzizi h-l-l wenye maana ya kufungua na ya kutua, kama msafiri ashushaye mizigo. Halali limetoka mzizi huohuo. Ikiwa halali limezaa halalisha na uhalalishaji, na binafsi likazaa ubinafsishaji bila mtu kuugua, mahali limekosa nini? Tena neno hili tulilienzi kuliko mikopo mingine yote: tulilipa ngeli nzima, PA, likae humo peke yake.

Nilipolitoa pendekezo hili kikaoni, msomi mmoja alisimama akadai kwamba wasiotenganisha r na l watasikia "umaharishaji", wadhani tunatoza mahari. Ukumbi ukacheka. Istilahi haitungwi kwa kuogopa matamshi mabovu; ingekuwa hivyo tungeshaifuta kalamu, isije ikasikika karamu.

Wapo pia wa "ujanibishaji". Neno zuri, ila lina kazi yake tayari: kurekebisha programu kwa ajili ya watu wa lugha na utamaduni fulani, kazi inayomalizika kabla mgeni hajafika. Umahalishaji hutendeka papo hapo, ukurasa unapofunguliwa. Anayeyachanganya haya mawili hajawahi kutengeneza tovuti, au anatafuta kura za wajumbe.

Matumizi ni mepesi: tovuti husoma anwani ya IP, hukisia nchi, kisha huchagua sarafu na maudhui; nasi tunasema "bei imemahalishwa". Kitufe cha lugha kibaki wazi, maana Mswahili aliye Maskati huweza kuletewa Kiarabu asichokiomba.

Waandaaji wa orodha ile nawaomba: katika toleo lijalo waandike umahalishaji, na ulengaji wawaachie wauza matangazo, ambao kweli wana shabaha.