Muthoni Nyanjiru na Kesi Isiyosikilizwa

Muthoni Nyanjiru alikuwa mwanamke wa Weithaga, hapa Murang'a. Enzi zake za ukoloni, hata wasichana walichukuliwa kwa nguvu kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Wanaume walining'iniza kipande, hati ya utambulisho na kazi, shingoni ndani ya kikebe cha chuma. Bila saini ya mwajiri aliyetangulia, mtu hakuweza kuajiriwa kwingine. Huo ulikuwa utumwa kwa jina jingine, na mwanaharakati Harry Thuku aliupinga hadharani.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Baadaye alihamishiwa Kismayu, akabaki kizuizini hadi mwishoni mwa 1930.

Siku mbili baada ya kukamatwa kwake, tarehe 16 Machi, umati ulifurika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe. Viongozi waliposihi watu warudi makwao, Nyanjiru alipandisha nguo yake, tendo zito mno kwa Wakikuyu, akawaambia wanaume wampe suruali zao, wao wavae gauni lake. Wanawake wakapiga vigelegele, umati ukasonga. Polisi wakafyatua risasi, Nyanjiru akawa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilikiri vifo 21. Waafrika walihesabu zaidi.

Barabara ya eneo hilo leo inaitwa Harry Thuku. Nyanjiru naye anastahili yake.