Ngoma bado inaitwa ngoma: Candomblé ndani ya jiji la Salvador

Wadau, kuna watu ukiwatajia dini ya asili wanafikiria kijijini na vibuyu basi. Hebu twende Salvador, Bahia, kule Brazili. Jiji la watu zaidi ya milioni 2, maghorofa, foleni za magari, na humo humo kuna nyumba za ibada za Candomblé. Nyumba hizo huitwa terreiro.

Candomblé ilijengwa na Waafrika waliopelekwa Brazili utumwani. Ina "mataifa" yake: Ketu ni ya Kiyoruba, Jeje ya Wafon wa Dahomey (Benin ya leo), na Angola ya Wabantu. Wengi huandika juu ya Ketu tu. Mimi Angola ndiyo inanishika zaidi, maana kule ngoma bado inaitwa ngoma, na mama mkuu wa nyumba ni mametu, neno la Kimbundu lenye maana ya "mama yetu". Jamani, hapo unahitaji kamusi kweli?

Falsafa yenyewe ni hivi: nguvu ya uhai, axé (tamka ashé), imo katika maji, mawe, majani na watu. Unaipokea kwa wakubwa, kwa kuishi nao. Kitabu peke yake hakikupi. Na pasipo majani hakuna ibada. Ndiyo maana terreiro inahitaji ardhi yenye miti, na jiji nalo linataka ardhi hiyo hiyo. Bate Folha, nyumba ya Angola iliyoanzishwa 1916, inatunza msitu wake mpaka leo. Serikali iliitambua kuwa urithi wa taifa 2003. Casa Branca ilitangulia, 1984.

Ila msidhani mambo ni shwari. Mpaka 1976 terreiro za Bahia zilitakiwa kujiandikisha polisi. Ndiyo, polisi! Halafu 1999 gazeti la kanisa moja likatoa picha ya Mãe Gilda, kiongozi wa terreiro hapo Salvador, kwenye habari ya matapeli wa dini. Watu wakaivamia nyumba yake, afya ikadorora, akafariki 21 Januari 2000. Familia ilienda mahakamani ikashinda. Kwa sheria ya 2007, tarehe hiyo ni siku ya taifa ya kupinga chuki za kidini.

Mtaani nako utawaona akina mama wenye mavazi meupe wakikaanga acarajé, chakula cha Iansã. Ni bagia za kunde kama zetu, ila kwa mafuta ya mawese.

Wenye maneno ya kikwenu yanayofanana na mametu, tupieni hapo chini.