Philip Ahn na Sura za Watu Wengine

Katika kila mchezo wa sinema wamo watu ambao mtazamaji huzikumbuka sura zao bali hayajui majina yao. Mmoja hufungua mlango, wa pili huleta barua, wa tatu hutoa amri ya kumfunga shujaa. Kisha hawaonekani tena mpaka mchezo mwingine. Historia ya sinema aghalabu huandikwa kwa majina ya mashujaa wake. Lakini mtu atakaye kujua taifa moja liliwafikiria vipi watu wa mataifa mengine hana budi kuwatazama hawa wa pembeni. Philip Ahn alikuwa mmoja wao. Alikuwa Mkorea, alifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka arobaini, na sehemu nyingi alizopewa zilikuwa za Wachina na Wajapani. Mkorea hakuigizwa ila kwa nadra, maana katika hadithi za Hollywood nchi ya Korea ilikuwa kama haipo duniani.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905. Baba yake, Ahn Chang-ho, ambaye Wakorea humwita kwa lakabu ya Dosan, alifika San Francisco pamoja na mkewe mwaka 1902 kwa kutafuta elimu. Huko aliwakuta Wakorea wachache waishio kwa kazi za mikono, akashika kazi ya kuwaunganisha na kuwaadilisha. Mwaka 1910 Japani iliitwaa Korea, na tangu hapo maisha ya Dosan hayakuwa yake tena. Mwaka 1913 aliunda chama cha Heungsadan cha kuwalea vijana kwa ajili ya uhuru. Mwaka 1919 alikwenda Shanghai kuitumikia serikali ya muda ya Korea iliyokuwa uhamishoni. Alirejea kwa jamaa zake kwa muda mfupi, akaondoka tena mwaka 1926 asirudi. Alikamatwa Shanghai mwaka 1932, akapelekwa Korea, akafungwa. Akafa Seoul mwaka 1938. Philip ndiye aliyekuwa kifungua mimba wa nyumba hiyo. Baba alipokuwa mbali, mzigo wa mama na wadogo ulimwangukia yeye.

Yasimuliwa kwamba mama yake hakupendezwa hata kidogo na habari za sinema. Hilo si ajabu. Katika nyumba iliyotoa baba kwa ajili ya taifa, uigizaji ulionekana kuwa upuuzi. Hata hivyo, baada ya kusoma katika Chuo Kikuu cha Southern California, Philip aliingia katika kazi hiyo katikati ya miaka ya 1930. Iko hadithi mashuhuri juu ya mwanzo wake. Alipokwenda kuomba sehemu katika mchezo uitwao Anything Goes wa mwaka 1936, mwongozaji Lewis Milestone alimkataa kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa safi mno kwa Mchina wa mchezo ule. Papo hapo Philip akajibu kwa Kiingereza cha kuvunjavunja, na sehemu akaipata. Hadithi hii huchekesha, lakini ndani yake mna uchungu. Mtu aliyezaliwa Marekani alitakiwa ajifanye mgeni katika lugha aliyokua nayo, ndipo aaminiwe.

Zama zile desturi ya Hollywood ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya Mwasia hupewa Mzungu aliyepakwa rangi. Katika The Good Earth ya mwaka 1937, mkulima wa Kichina na mkewe waliigizwa na Paul Muni na Luise Rainer, na Rainer akapata tuzo ya Oscar. Kwa hiyo mchezo mmoja wa mwaka ule ule wastahili kutajwa kwa heshima. Katika Daughter of Shanghai, ulioongozwa na Robert Florey, Philip Ahn na Anna May Wong waliwekwa mbele. Mwanamke alikuwa binti amtafutaye muuaji wa baba yake. Mwanamume alikuwa mpelelezi wa serikali ya Marekani, mwerevu na mwenye adabu. Na mwisho wa mambo alimposa. Ulikuwa mchezo mfupi wa gharama ndogo, lakini mwaka 2006 uliingizwa katika orodha ya filamu za taifa zinazohifadhiwa na Marekani. Hapo twaona alichoweza kukifanya mtu huyu lau mlango ungaliachwa wazi. Haukuachwa.

Kisha vilikuja vita. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilianza kuwahamisha watu wa asili ya Kijapani kutoka pwani ya magharibi, ikawafungia makambini, jumla yao kiasi cha 120,000, wengi wao raia wa kuzaliwa. Hollywood ilitaka Wajapani wabaya kwa wingi, na Wajapani hawakuwapo. Sehemu zao zikawaangukia Wachina na Wakorea. Katika Blood on the Sun na Back to Bataan, michezo yote miwili ya mwaka 1945, Philip aliwaigiza Wajapani. Aliigiza vizuri kiasi kwamba baadhi ya watazamaji walimwandikia barua za kumtishia maisha, wakidhani ni Mjapani kweli.

Hapa ndipo penye uzito wa maisha yake. Mtoto wa mtu aliyeteswa na Wajapani alivaa sare ya Kijapani ili apate riziki, na kwa sare hiyo alichukiwa na watu ambao adui yao alikuwa adui yake. Yeye mwenyewe hakuona aibu. Kwake, kuuonyesha ukatili wa dola ile ilikuwa ni namna ya kuendeleza vita vya baba yake. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kukomea hapo. Chuki iliyowashwa na michezo ile haikuishia kwa majemadari wa Tokyo. Iliwaunguza pia wakulima na wenye maduka wa California waliokuwa nyuma ya seng'enge. Wakorea nao hawakusalimika, maana mwaka 1940 serikali ya Marekani ilikuwa imewaandikisha kuwa raia wa Japani. Mshale ulipigwa kwa haki, lakini haukuchagua wa kumpata.

Baada ya 1950 vita vya Korea viliilazimisha Hollywood kuitambua nchi ile. Katika Battle Circus ya mwaka 1953 Philip alikuwa mfungwa Mkorea, na katika Battle Hymn ya mwaka 1957 alikuwa mzee wa Kikorea mwenye maneno ya hekima. Hatimaye alipata heshima pana zaidi katika televisheni, alipokuwa Mwalimu Kan, mkuu wa hekalu la Shaolin, katika Kung Fu ya miaka ya 1972 hadi 1975. Hata hapo desturi ya kale haikufa: mwanafunzi wake, shujaa wa hadithi aliyesemwa kuwa nusu Mchina, aliigizwa na David Carradine, Mzungu. Philip alifariki mwaka 1978. Mwaka 1984 jina lake liliwekwa katika nyota za njia ya Hollywood, Mmarekani wa kwanza wa asili ya Kikorea kupata heshima hiyo.

Wako wamlaumuo kwa kukubali sehemu duni, na wako wamsifuo kwa kuifungua njia. Mimi naona kwamba lawama ile yamwangukia asiyeandika hadithi. Mwigizaji hupewa maneno. Aliye na uwezo wa kuyachagua ni mwingine. Lililo la Philip mwenyewe ni kwamba hakuidharau sehemu yoyote aliyopewa, hata ikiwa ndogo. Mabaki ya baba yake yamelala Seoul katika bustani iliyopewa jina la Dosan mwaka 1973, na kila mtoto wa Korea hufundishwa habari zake. Mtoto wake ameachiwa michezo mingi ambayo ndani yake aitwa kwa majina ya watu wengine. Mtazamaji akiijua historia hii, ataitambua sura ile kila itokeapo, na atajua ni ya nani.