Uanagenzi

Jijini Kigali, kijana anayejifunza kazi ofisini husema yuko sitaji, neno lililotoka Kifaransa likakaa vinywani. Kinyarwanda kina lake, kwimenyereza umwuga. Kiswahili nacho, lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kina uanagenzi: hali ya mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya, chini ya anayeijua.

Kwa muda mrefu neno hili limeachiwa gereji na karakana za useremala. Si haki. Uingereza ilipoanzisha uanagenzi wa shahada mwaka 2015, mwanagenzi alikuwa mwajiriwa kamili: analipwa mshahara, halipi ada ya chuo, na muda wa masomo unahesabiwa kuwa muda wa kazi.

Kigali nayo ina jaribio linalokaribiana na hilo. Kepler, programu ya elimu ya juu, ilianza 2013 ikishirikiana na Southern New Hampshire University ya Marekani, kwa shahada iliyopatikana kwa kuonyesha umahiri badala ya kuhesabu saa za darasani. Mwanafunzi aliandika ripoti kama ya ofisini. Isipofikia kiwango, aliirudia. Mafunzo kazini yalikuwamo pia.

Linalobaki ni malipo. Aliye sitaji bila posho hujilipia nauli kutoka mtaa wa Nyamirambo hadi ule wa Kacyiru, mwezi baada ya mwezi, na mtoto wa maskini hulazimika kuacha. Kwa hiyo waandishi na waajiri wasiiite kazi isiyolipwa uanagenzi. Neno hilo libaki kwa mkataba wenye mambo matatu: kazi, mshahara na cheti.