Noti za Mjerumani na Mmasai wa Shilingi Mia

Ukipita katika maduka ya vinyago ya Karatu, kando ya barabara ya kwenda Ngorongoro, si ajabu ukaonyeshwa noti kuukuu katikati ya shanga na sime. Muuzaji atakuambia, "Hii ni ya Mjerumani, mzee," kisha atataja bei ya ng'ombe. Kabla hujatoa fedha, au kama wewe ndiye unayeuza ya babu yako kabla hujaitoa kwa bei ya soda, tuelezane kidogo.

Si kila noti ya Mjerumani ni sawa na nyingine. Zile za kwanza zilitolewa mwaka 1905 na Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani. Zilichapwa kwao Ujerumani, kwa ustadi. Ya rupia 5 ina simba, ya rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam, na za rupia 50 na 100 zina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili. Mwaka mmoja kabla yake rupia ilikuwa imeanza kugawanywa katika heller 100, na ndipo sisi tulipopata neno hela, ambalo tunalitamka kila siku bila kumkumbuka aliyelileta.

Vita vilipozuka mwaka 1914 Waingereza waliifunga bahari, noti mpya zikawa haziji. Basi kuanzia Machi 1915 benki ikaamua kujichapia papo hapo Dar es Salaam. Zikatoka noti za muda za rupia 1, 5, 10, 20, 50 na 200. Hazina simba wala Kaisari. Ni maandishi matupu ndani ya mapambo machache. Karatasi ilipoadimika walichapa juu ya yoyote iliyopatikana, nyembamba, nene, nyeupe au ya kahawia. Hapa ndipo wakusanyaji wanapokosa usingizi, maana noti mbili za rupia moja zinaweza kufanana kwa macho ya haraka na bado zikawa za matoleo mbalimbali.

Anza na mstari wa mahali na tarehe. Nyingine zimeandikwa Daressalam peke yake, nyingine Daressalam/Tabora, kwa kuwa shughuli zilisogezwa bara adui alipokaribia. Kisha tazama herufi ya toleo karibu na namba. Halafu saini: je, ni wino wa mkono au zimepigwa chapa? Mwisho igeuze noti upapase mgongo wake. Herufi za risasi huigandamiza karatasi, na kidole huhisi. Nakala iliyotolewa na mashine ya siku hizi ni laini kote, na ukiitazama kwa lenzi utaona vitone vidogo vidogo.

Za mwisho ni za mwaka 1917, zinazoitwa noti za porini. Wakati huo Dar es Salaam na Tabora zilikwisha kutekwa tangu Septemba 1916. Noti hizo zilipigwa kwa herufi za mpira, kama mihuri, juu ya karatasi duni. Ubaya wake wa sura usikudanganye ukazitupa.

Kwa upande mwingine, usikubali kutishwa na umri. Za rupia moja za wakati wa vita zilichapwa kwa wingi sana na bado zipo nyingi. Ya rupia 200 ndiyo adimu. Tena wingi huo una sababu yake ya kusikitisha: zilimalizikia mikononi mwa watu waliofanya kazi na kuuza mali zao kwa ahadi iliyoandikwa, na mtawala aliyeahidi alikuwa ameondoka. Hata kule Ngorongoro, ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf waliokuwa na mashamba ndani ya kreta waliyaacha.

Lakini noti ninayowashauri vijana wa Karatu waitafute masandukuni si ya Mjerumani. Ni shilingi 100 nyekundu ya Benki Kuu yetu, toleo la kwanza la mwaka 1966, yenye sura ya Mwalimu akiwa kijana. Haina mwaka uliochapwa, kwa hiyo igeuze. Iko ya aina mbili. Ya kwanza ina mfugaji wa Kimasai pamoja na wanyama. Ya pili, iliyofuata, ina wanyama tu, Mmasai hayupo. Ile yenye mtu ndiyo inayotafutwa zaidi. Wazee wa Ngorongoro, waliohamishwa Serengeti mwaka 1959, wakatolewa ndani ya kreta miaka ya 1970, na ambao baadhi ya jamaa zao wamehamia Msomera tangu 2022, hawahitaji lenzi kuiona tofauti hiyo.

Ukiipata usiifue, usiipige pasi, wala usiitie gundi. Iweke katikati ya karatasi safi ndani ya kitabu kizito, mbali na moshi wa jiko. Na usiichanganye na zile za kuanzia mwaka 1985 hadi 2003 ambazo Benki Kuu ilizibadilisha hadi tarehe 5 Aprili 2025. Hizo zikiwa zimebaki kwako, dukani hazinunui hata kiberiti.